Hedi Kwenye Tanuri la Mikate

Mimi ni mwoka mikate. Nalitanguliza hilo kwa sababu wateja wa mume wangu wakifika hapa kwetu Kibaha na kunikuta nimeinamia hedi ya injini, nyundo mkononi na unga kwenye nyusi, husimama mlangoni wakidhani wamekosea nyumba. Hawajakosea. Karakana ni hiyo hiyo na fundi ni yule yule, ila sehemu moja ya kazi yake niliichukua mimi na sijairudisha.

Mume wangu hutengeneza hedi za injini za zamani. Hedi ni lile pande la chuma linalokaa juu ya injini kama mfuniko wa sufuria, na ndani yake mna valvu zinazofunguka kuingiza hewa na mafuta, kisha zikafunga. Kila valvu ikifunga hukalia duara la chuma, na hilo duara ndilo siti. Magari mengi ya zamani siti zake zilichongwa humo humo kwenye chuma cha hedi, kwa kuwa petroli ya enzi hizo ilikuwa na madini ya risasi yaliyopunguza makali ya mapigo. Petroli hiyo haiuzwi tena, na kwa mapafu yetu ni heri. Lakini valvu za magari hayo sasa zinagonga chuma kikavu. Siti zinaliwa kidogo kidogo, valvu zinazama, gari linapoteza nguvu kwenye milima, halafu linapoteza nguvu hata kwenye tambarare, mpaka asubuhi moja linakataa kabisa kuwaka.

Dawa ni kuchonga shimo pale siti ilipoliwa na kuingiza siti mpya ya chuma kigumu. Siti hiyo lazima iwe kubwa kuliko shimo lake, kwa tofauti ya unywele tu. Ukiifanya ndogo itachomoka injini ikiwa inanguruma, na ukiilazimisha kwa nyundo utapasua hedi. Kwa hiyo hedi inapashwa moto itanuke, siti inagandishwa isinyae, na kwa muda mfupi sana moja inaweza kuingia ndani ya nyingine. Joto likishalingana vinashikana, na baada ya hapo havitoki kwa kubembelezwa.

Tulipooana, mume wangu alikuwa akipasha hedi kwa moto wa gesi. Yeye ni mwenyeji wa Kisarawe, kwao ni upande wa Maneromango, alijifunza ufundi kwenye karakana moja ya misheni kabla hajahamia Kibaha. Mimi wazazi wangu walikuja Pwani kutoka kaskazini, baba akiwa mwalimu, na kuoka nilijifunza kwa mama aliyeoka mikate ya usharika. Siku moja nilimkuta mume wangu anazungusha ule moto juu ya hedi, upande mmoja umeshabadilika rangi na mwingine nauwekea kiganja bila kuungua.

"Baba, unaunguza shavu moja," nilimwambia.

"Chuma hakina mashavu."

"Mkate ukipata moto upande mmoja unapasuka. Hiki hakitapasuka?"

Akaendelea kuzungusha moto. Wiki hiyo hiyo hedi moja ilipasuka, ufa mwembamba kama uzi, kutoka shimo la plagi mpaka kwenye siti. Mchana kutwa alikuwa akiupapasa ule ufa. Jioni akaniuliza, macho ameyaelekeza kwenye mlango wa jiko, kama tanuri langu lina nafasi.

Tanuri langu ni la matofali, nililijengesha uani. Joto lake silipimi kwa kifaa. Nanyunyiza unga wa ngano kwenye sakafu yake na kuutazama: ukiungua na kuwa mweusi papo hapo ni moto wa wazimu, ukikaa mweupe bado, na ukigeuka taratibu kuwa rangi ya chai ya maziwa basi ni moto wa mkate. Ikatokea kwamba moto wa mkate ndio huo huo hedi inaoutaka. Chuma cha hedi kikikaa humo hupashika chote, ndani na nje, bila shavu hata moja kuachwa.

Siti nazo tuliziweka kwenye friza langu la dukani, kwenye kimfuko cha nailoni, katikati ya barafu za ukwaju ninazouzia watoto wa shule.

Mwanzoni tulikosea mambo. Hedi ya kwanza aliileta ikiwa bado na mafuta machafu kwenye mifereji yake, nikaiingiza kabla ya mikate. Jumapili ile akina mama wa usharika walikula mikate yenye harufu ya gereji. Mmoja wao alinishika mkono nje ya kanisa, akaninong'oneza kwa upole mkubwa kwamba huenda amira yangu imeharibika. Tangu siku ile nimeweka sheria: mikate kwanza, hedi baadaye, na hakuna hedi inayosogelea tanuri langu kabla haijaoshwa kwa mafuta ya taa na kisha kwa maji ya moto na sabuni mpaka mimi mwenyewe niinuse.

Kwa miaka mingi kazi ilikuwa hivyo. Mimi napasha na kugandisha, yeye anaingiza. Alikuwa na namna yake ya kuingiza ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Alichukua siti kwa koleo, akaishikilia juu ya shimo, akaiachia. Ilidondoka wima kama sarafu kwenye kibubu. Kisha akaigonga mara chache kwa kipande cha chuma na nyundo, na sauti ikabadilika, kutoka ya uwazi hadi ya uzito, naye akaweka nyundo chini. Sikuhitaji kutazama. Kutoka jikoni nilisikia ile sauti nikajua imekaa.

Halafu asubuhi moja alijimiminia chai kutoka kwenye chupa, na chai ikamwagika mezani pembeni kabisa ya kikombe. Akasema kikombe kimekaa vibaya. Siku nyingine ikamwagika tena. Nilianza kumchunguza. Aliposhuka ngazi ya mlango wa uani alitangulizia mguu kwa kupapasa. Akitaka kuning'iniza spana kwenye msumari, aliukosa, akarudia. Nilimwambia tunakwenda kwenye kliniki ya macho, akasema ana kazi, nikamwambia kazi itamsubiri kwa kuwa bila macho haimtaki. Tulikwenda. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, jicho la kulia lina ukungu mzito, la kushoto bado zuri. Apangiwe upasuaji, na asubiri zamu yake.

"Mashine ya kukerezea bado naimudu," aliniambia tukirudi. "Kazi imefungwa kwenye mashine, haikimbii. Napima kwa vidole, napima kwa kipimo cha chuma, natulia."

"Na kuingiza siti?"

Alitazama nje ya dirisha la basi. "Nitaona."

Lakini mtu mwenye jicho moja haoni umbali vizuri, na yeye alilijua hilo kuliko daktari. Kuingiza siti hakungoji mtu atulie. Ukiipeleka siti imeinama kidogo tu, inakwama njiani, inapata joto, inatanuka, na hapo umepoteza yote.

Kipindi hicho ndicho alichokuja mzee mmoja wa Marui, huko Kisarawe.

Alifika asubuhi akiwa amebeba hedi begani, ndani ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka juu ya koti la suti, na viatu vyake vilikuwa vimekatwa kutoka kwenye tairi. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akashusha gunia kwenye benchi kwa uangalifu wa mtu anayelaza mgonjwa.

Alikuwa mfugaji. Alikuja Kisarawe kutoka kaskazini pamoja na ng'ombe wake, ujana wake ukiwa haujaisha, akapewa sehemu ya kukaa, akaoa, akazeeka hapo. Hedi ilikuwa ya pikapu yake ya petroli, gari la Kiingereza la zamani, lenye umri unaokaribia wangu. Kila asubuhi lilipeleka maziwa mjini Kisarawe. Likirudi, lilibeba chochote ambacho majirani wakulima walihitaji kibebwe, na mara nyingine mama mwenye uchungu.

"Watoto wangu wanasema niliuze, liwe chuma chakavu," alituambia. "Nawauliza, masika ikinyesha, hayo magari yenu ya kung'aa yatapita njia ya kwetu? Wananyamaza."

Mume wangu aliigeuza hedi upande wa chini na kuipapasa. Fundi wa mwanzo, huko mjini, aliwahi kuweka siti moja mpya. Aliiweka ikiwa imelegea, kisha akaikaza kwa kugongagonga kingo za shimo kwa patasi ili chuma kiibane. Ilishika kwa muda. Kisha mzee akasikia mlio mgeni kwenye injini akazima palepale njiani, na kwa kuzima kule aliiokoa pistoni. Siti ilikuwa imechomoka.

"Hili shimo limeshaharibiwa," mume wangu alisema. "Nitalipanua liwe duara safi, niweke siti kubwa zaidi. Lakini hapa pembeni kuna njia ya maji. Nikichonga leo, ukuta unaobaki ni mwembamba. Safari nyingine hakuna cha kuchonga tena, maji yatatokea."

"Kwa hiyo ni mara moja."

"Ni mara moja, mzee."

Mzee akakubali, akaenda kufikia kwa ndugu zake wa usharika hapa Kibaha, akawa anakuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi letu la nje.

Mume wangu alichonga. Alitumia siku nzima kwa shimo moja, akisimamisha mashine, akipima, akigusa kwa kidole kidogo, akianza tena. Siti aliikereza kutoka kwenye bomba nene la chuma kigumu, akatoa mbili, kwani yeye hukereza akiba kila mara. Kazi ile ilikuwa nzuri. Nilipitisha kidole changu kwenye kuta za shimo na hakikukutana na kitu.

Siku ya kuingiza, baada ya mikate, niliingiza hedi kwenye tanuri. Mume wangu alisimama mlangoni mwa jiko akifungua na kukunja vidole vyake.

"Mama," alisema. "Utaingiza wewe."

Nilikuwa nimeshajua kwamba atalisema. Nilikuwa nimeanza kujizoeza kwa siri kwenye hedi mbovu iliyokuwa imelala nyuma ya choo. "Nitaingiza mimi," nilijibu.

Mzee alituona tukipita, mimi nimevaa glovu za kuokea. Akainuka.

"Fundi ni nani hapa?"

"Leo ni mimi," nilisema.

"Wewe si muuza mikate?"

"Ndiye mimi."

Akamtazama mume wangu. Mume wangu akamwambia habari za jicho lake, kwa maneno machache, na kwake lilikuwa jambo zito kumwambia mteja. Mzee akakaa tena, lakini uso wake haukutulia.

Niliitoa hedi, nikaiweka kwenye benchi. Nikachukua siti kutoka kwenye friza, imefanya ukungu mweupe. Nikafanya kama nilivyomwona mume wangu akifanya maisha yake yote: koleo, juu ya shimo, kuachia. Ila mkono wangu ulisita. Siti ikagusa ukingo upande mmoja, ikainama, ikashuka nusu na kukwama. Nilisikia mlio mfupi mbaya, kama kijiko kimeanguka.

"Imeinama?" mume wangu aliuliza.

"Imeinama."

"Usiigonge. Mama, usiigonge kabisa."

Nikaweka nyundo chini. Tulisimama pale tukiitazama ikipata joto. Ilikwisha kushika.

Mzee alikuwa ameingia bila kukaribishwa. Aliinama, akaona, na hasira ikampanda. "Nilijua," alisema. "Nimeleta kwa fundi, nikapewa mpishi. Mara moja, mlisema. Ndiyo hiyo mara moja yenu?"

Mume wangu alianza kumwomba radhi. Mimi nilimtangulia, kwani nilijua akishaanza kuomba radhi atatoa ahadi za kila namna.

"Mzee, kelele haziitoi hiyo siti," nilisema. "Shimo halijaharibika. Sikuigonga. Siti itatoka, na nyingine ipo. Njoo kesho asubuhi, uingie ndani, usimame karibu yangu, uone."

"Na ikikwama tena?"

"Haitakwama tena."

 Mzee akajifunga shuka yake vizuri akaondoka, bila kuaga.

Sikusema vile kumfurahisha. Nilikuwa nimeona kosa langu. Mume wangu alikuwa na jicho na mkono wa kudondosha siti hewani, na vitu hivyo vilikuwa vyake, mimi sikuwa navyo. Nikijaribu kuwa yeye, nitakwama kila siku. Mimi nikitoa keki ya tundu kwenye bati lake siitupi hewani, naitelezesha kwenye ule mrija wa katikati, na haiwezi kwenda upande. Nilichohitaji ni mrija.

"Baba," nilimwambia, "katikati ya shimo la siti, chini, kuna tundu la fimbo ya valvu, sivyo? Linakwenda wima kabisa."

"Ndiyo. Mafundi tunaliita gaidi."

"Nikerezee fimbo inayoingia humo bila kucheza. Juu yake iwe na bega pana la kuisukuma siti. Siti ikae kwenye fimbo, fimbo ishuke kwenye tundu, mimi nisukume tu."

Akafikiri. Kisha akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Kifaa hicho kipo. Mwalimu wangu alikuwa nacho. Mimi niliona ni cha watu wenye mikono mizito, sikujitengenezea."

"Basi nina mikono mizito. Nitengenezee."

Alikwenda kwenye mashine saa hiyo hiyo. Mimi nikavuka barabara kumwita jirani yetu anayechomelea mageti. Mume wangu alimweleza la kufanya: apitishe mshono wa kuchomelea kwa ndani ya ile siti iliyokwama, kuizunguka, bila kugusa hedi hata kidogo. Jirani alidhani tunamtania, lakini alifanya, polepole, ulimi nje. Ule mshono ulipopoa ulijivuta, na ulipojivuta uliibana siti kwa ndani. Tuliisikia ikilia, tik. Mume wangu akaigusa kwa bisibisi, ikatoka kama pete kwenye kidole chenye sabuni. Shimo lilikuwa na mkwaruzo mmoja mdogo kwenye ukingo. Alilisafisha kwa kitambaa cha msasa kilichochakaa, akapitisha kidole, akaniita na mimi nipitishe.

"Vipi?"

"Liko sawa."

"Naona hivyo pia," alisema, nasi tukacheka wote kwa hilo neno naona.

Asubuhi mzee alifika kabla mikate haijatoka. Nilimpa mmoja, wa moto, akaukata kwa mikono na kuula wote akiwa amesimama, wala hakusema ni mtamu. Nikatoa mikate. Nikanyunyiza unga. Mzee akauliza unga ni wa nini, nikamwonyesha ukigeuka rangi, akatikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ya kukataa. Nikaingiza hedi.

Ilipokuwa tayari niliileta kwenye benchi. Mume wangu alisimama kushoto kwangu, mzee kulia. Siti ilikuwa imegandishwa pamoja na fimbo yake, zote nyeupe kwa ukungu. Nikapeleka ncha ya fimbo kwenye tundu. Ikaingia. Nikasukuma, na siti ikashuka kwenye shimo lake kwa ulaini, bila kugusa ukingo. Nikagonga. Sauti ya uwazi. Nikagonga. Sauti ya uwazi. Nikagonga tena, na sauti ikawa nzito, ile ile niliyokuwa nikiisikia kutoka jikoni miaka yote.

"Imekaa," alisema mume wangu, macho ameyafumba.

"Imekaa," nikasema.

Siti nyingine zote za hedi ile nazo zilikuwa zimeliwa; mume wangu akachonga mashimo yake, nami nikaingiza mpya siku zilizofuata kwa njia hiyo hiyo, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyonisumbua. Mume wangu alizichonga nyuso zake kwa mashine, tukasaga valvu kwa dawa ya kusagia mpaka kila moja ikaacha pete ya kijivu isiyokatika. Mwisho tulimimina mafuta ya taa kwenye mifereji, tukayaacha, tukatazama upande wa pili kama yanavuja. Pakavu. Mzee alipapasa mwenyewe, akanusa vidole vyake, akapapasa tena.

Tulikwenda Marui kuifunga, kwa kuwa mume wangu hakuwa tayari kumwachia mtu mwingine kazi ya mwisho. Tulikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tukapita Mlandizi, tukashika barabara ya vumbi ya Mzenga. Mzee alikaa mbele na dereva akimwelekeza kila kona. Mimi na mume wangu tulikaa nyuma, hedi katikati yetu, nimeivingirisha kwenye khanga mbili na kuifunga kamba kwenye ubao ili isiruke. Alinishika mkono kwenye mashimo yote. Akasema ni kwa sababu ya jicho.

Pikapu ilikuwa imesimama pembeni ya zizi, kuku wameifanya nyumba. Mke wa mzee alitupokea kwa chai ya maziwa mazito. Alikuwa mama mfupi, mwepesi wa maneno. Alinikamata mikono yote miwili, akaigeuza, akatazama makovu ya tanuri.

"Huyu ndiye uliyemwita mpishi kwenye simu?" alimwuliza mumewe.

Mzee akasema chai inapoa.

Tulifunga hedi mchana ule. Mume wangu alikaza nati kwa mpangilio, kutoka katikati kwenda nje, akizihesabu kwa vidole, nami nikimpa spana na kumwambia pale alipokosa kuona. Mahali pawili alinirudisha nyuma kwa kuwa katika kumwelekeza nilikuwa nimeruka nati. Tukarudisha rejeta, maji, kabureta, nyaya za plagi. Watu walikuwa wameanza kujaa, wengi wao wakulima wa jirani. Mmoja alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Mke wa mzee aliniambia kwamba yule na mumewe hawasemeshani tangu ng'ombe walipoingia kwenye mihogo yake, na kesi ilifika mpaka kwa mtendaji.

Mzee akaketi kwenye usukani. Akawasha. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Watu wakaguna. Nilimtazama mume wangu, akanionyesha kiganja, ngoja. Petroli ilikuwa haijafika. Akapampu kwa mkono, akasema, "Sasa."

Ikawaka. Ilitoa moshi mweusi, ikatikisika, kisha ikatulia na kunguruma kwa mpigo mmoja ulio sawa. Mume wangu aliinama, sikio karibu na hedi, na kidole akikitikisa kufuata mapigo. Mimi pia nilisikiliza. Nilisikia kila silinda ikifanya kazi yake, hakuna iliyobaki nyuma. Sitaficha: nilijisikia mkubwa. Nilitaka kumwambia kila mtu pale kwamba nimeziingiza mimi, na mke wa mzee aliniondolea taabu, kwani alikuwa tayari anazunguka akiwaambia.

Mzee alilizungusha gari uwanjani. Aliposimama, yule mkulima wa mihogo alitoka alipokuwa, akarudi amebeba kiroba cha mihogo, akakipandisha nyuma ya pikapu. Hakuomba. Mzee alimtazama kwenye kioo.

"Kesho natoka alfajiri na maziwa," mzee alisema.

"Nitakuwa barabarani," alijibu yule mkulima.

Ndiyo yote waliyosemezana, lakini mke wa mzee alinibana kiuno kwa furaha mpaka nikaruka.

Zamu ya mume wangu ilifika baada ya hapo. Walimfanyia upasuaji, akalala na bandeji, na ilipotolewa kitu cha kwanza alichokisema ni kwamba rafu ya jikoni ina vumbi. Nilimwambia amerudi mzima. Sasa anaona vizuri kwa macho yote mawili, anamimina chai ndani ya kikombe, na spana zake zinakutana na misumari yake.

Nilidhani atataka kuingiza siti mwenyewe tena. Siku ya kwanza aliporudi kazini tulikuwa na hedi ya trekta la zamani kutoka Janga. Nikaitoa kwenye tanuri, nikamtazama, nikamsogezea fimbo. Hakuichukua. Akasogea pembeni, akakunja mikono, akanitazama nikiingiza siti zote za nusu ya kwanza ya hedi. Ilikuwa mara ya kwanza kuniona vizuri nikiifanya.

"Nyundo unaishikia mbali sana," alisema nilipomaliza.

"Siti imekaa?"

"Imekaa."

"Haya."

Akachukua kopo la mafuta ya taa, akaenda kuosha valvu, nami nikaizungusha hedi nianze nusu ya pili kabla haijapoa.